Vifuniko vya Mzee na Bwana Harusi

Hospitali ile ilikuwa na mashine mbili za kupiga picha za ndani ya kichwa, na kila moja ilikuwa na jina la utani. Ya kwanza iliitwa Mzee, kwa sababu ililetwa zamani na taifa moja kubwa, na ukiiwasha ilikohoa kwanza, ikanyamaza, ikakohoa tena, ndipo ikakubali kazi. Ya pili iliitwa Bwana Harusi. Hiyo ililetwa na taifa jingine kubwa, hasimu wa lile la kwanza, na siku ilipofika ilishushwa kwenye lori imefungwa utepe mwekundu, wafanyakazi wakaambiwa wapange mstari wapige makofi. Walipiga mpaka viganja vikawaka moto, na hakuna aliyejua hasa wanampigia nani, mashine au yule mheshimiwa aliyesimama mbele yake akaiziba isionekane.

Ubongo wa mashine hizo haukukaa ndani ya mashine zenyewe. Ulikaa kwenye masanduku mawili ya chuma, marefu kufika kifuani, yenye magurudumu chini na nyaya ndefu nyuma, ndani ya chumba kidogo chenye kiyoyozi. Yote mawili yalikuwa ya kijivu, kimo kimoja, upana mmoja. Ukiyaona bila nguo ungesema ni mapacha.

Nguo zao zilishonwa na Mama Vifuniko.

Huyu mama alikuwa fundi cherehani wa hospitali kwa miaka ishirini na sita. Alishona shuka, foronya, mapazia, na kanzu za chumba cha upasuaji. Chumba chake kilikuwa ubavuni mwa chumba cha dobi, kina cherehani ya miguu, meza yenye alama za mkasi, na kopo la biskuti lililojaa vifungo, vya matundu mawili upande huu, vya matundu manne upande ule. Alikuwa na daftari la shule, na kila kazi aliiandika kwa penseli: tarehe, kazi yenyewe, na mwenye nguo. Aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa madaktari wote, na hilo si sifa kubwa sana.

Jina la Vifuniko alilipata hivi. Wageni walikuwa wakija. Wakija wakubwa wa Mzee, hawakupenda kuona kitu cha wakubwa wa Bwana Harusi. Wakija wakubwa wa Bwana Harusi, walinuna wakimwona Mzee. Basi Metroni, ambaye ndiye mkuu wa wauguzi na mwanamke wa kutafuta njia, akamwagiza fundi ashone vifuniko viwili. Cha kijani cha Mzee, cha buluu cha Bwana Harusi, na majina yatariziwe kifuani. Siku ya wageni, sanduku la wageni hao lilivuliwa nguo, la mahasimu wao likavishwa, na aliyeuliza aliambiwa hilo ni kabati la shuka. Mara moja mgeni mmoja mdadisi akainua pindo la kabati la shuka akasoma kibandiko cha kiwanda. Hapo Metroni akaamuru vibandiko vyote vibanduliwe kwa spiriti. Tangu siku ile, kitu pekee kilichosema huyu ni nani kilikuwa uzi wa Mama Vifuniko.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Mama Vifuniko alikuwa na mdogo wake, wa mwisho kwao, aliyefundisha chekechea maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto majina ya vitu: hiki kikombe, hili dirisha, huu mlango. Mwaka ule majina yakaanza kumkimbia yeye mwenyewe. Kijiko akakiita kile cha kukorogea. Mlango akauita pale pa kutokea. Mwanzoni walicheka, na yeye alicheka nao. Halafu akaanguka bafuni, kisha akaanguka jikoni, akalazwa wodi namba tatu. Daktari wa vichwa, ambaye alifika hospitalini Ijumaa moja tu katika kila majuma mawili, alisema kuna uvimbe, na kwamba uko mahali pa kufikika. Lakini hatoboi kichwa cha mtu kwa kukisia. Alitaka picha mpya mezani kwake Ijumaa yake ijayo saa moja asubuhi. Ikikosekana, yeye anaendelea na safari zake, na akirudi baada ya majuma mawili hawezi kuahidi kwamba atakuta pa kufanyia kazi.

Juma lililotangulia la Ijumaa hiyo, vyumba vya picha na kile cha masanduku vilikuwa vimefungwa ili vipakwe rangi. Mtaalamu wa picha, bwana mmoja mpole wa miwani ambaye wote walimwita Mtaalamu, alikuwa amekwenda kumwoza binti yake. Mafundi wa rangi waliyavuta masanduku katikati ya chumba chao, wakapaka kuta, wakayarudisha. Mama Vifuniko alivifua vifuniko, akavipiga pasi, na Ijumaa akaenda kuwavisha wenyewe. Hakuuliza kitu. Kwa miaka yote Mzee alikaa upande wa dirisha na Bwana Harusi upande wa ukuta. Basi wa dirishani akavishwa kijani, wa ukutani akavishwa buluu, naye akarudi kwenye foronya zake.

Jumatatu asubuhi ikaja barua kutoka wizarani. Mganga Mkuu wa hospitali aliwasomea wakuu wa vitengo, na fundi akaitwa pia kwa sababu barua ilitaja mapazia, ingawa baadaye ilionekana mapazia yaliingia kwa makosa. Barua ilisema mashine mbili zisitumike siku moja. Mchana ikaja barua ya pili, ikisema ya kwanza isizingatiwe. Jumanne saa nne ikaja barua ya tatu, na hiyo ilikuja na mtu wake: afisa mnene kidogo, mwenye jalada kwapani na mfuko wa lakiri, ile mikanda ya plastiki nyekundu isiyofunguka ila kwa kukatwa, kila moja na namba yake. Wakubwa wa Mzee walikuwa wametangaza kwamba hospitali yoyote itakayowasha kitu cha mahasimu wao haitapata vipuri wala dawa zao tena. Hivyo sanduku la Bwana Harusi lizimwe na lipigwe lakiri mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Mama Vifuniko ndiye aliyempeleka afisa chumbani, kwa kuwa Mtaalamu alikuwa hajarudi. Afisa akasoma kifuani, akaona Bwana Harusi kwa uzi mweupe juu ya buluu, akapeleka mkono nyuma akabonyeza kitufe, taa zikazimika. Kisha akatafuta mahali pa kupitisha lakiri. Mpini wa sanduku ulikuwa ndani ya kifuniko. Lakini kifuniko chenyewe kilikuwa na kamba chini, nne, zinazopita kwenye matundu yaliyotiwa pete za shaba na kukutana mbele. Afisa akafurahi. Akamwomba fundi amshikie kitambaa kisicheze, akazikusanya zile kamba na pete zake, akapitisha lakiri, akaikaza ikalia krrr. Akaandika namba: elfu nne mia nne sabini na moja. Akamsifu fundi kwa kazi safi, akaenda zake. Mama Vifuniko akarudi cherehanini moyo umetulia, kwa sababu Mzee amebaki, na Mzee peke yake alimtosha mdogo wake.

Jumatano Mtaalamu akarudi kazini. Mgonjwa wa kwanza kwenye orodha alikuwa mwalimu wa chekechea, saa tatu. Akaletwa kwa kitanda cha magurudumu, dada yake ubavuni akimshikia shali. Mtaalamu akaingia kwa Mzee, akabonyeza. Hakukohoa. Akabonyeza tena, akaangalia nyaya, akaangalia umeme. Kimya. Akatoka, akaenda chumba cha pili ambacho kwa mujibu wa barua kilipaswa kuwa kimekufa, akakuta kioo cha Bwana Harusi kinang'aa na taa zake zinakonyeza kama kawaida.

Kisha akaenda chumba cha masanduku, akafuata nyaya kwa kidole kutoka ukutani, polepole, kama mtu anayetafuta kiroboto. Aliporudi alikuwa amepauka. Akamwambia Mama Vifuniko kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo halieleweki. Sanduku la Mzee limevaa nguo ya Bwana Harusi, limezimwa na kupigwa lakiri. La Bwana Harusi limevaa kijani na linafanya kazi. Kwenye karatasi, Mzee yuko wazi. Kwenye chumba, amefungwa.

Mama Vifuniko alikumbuka dirisha, alikumbuka ukuta, alikumbuka harufu ya rangi mbichi: mafundi waliyarudisha masanduku yakiwa yamebadilishana mahali. Alilikunja shali la mdogo wake mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena.

Walikwenda kwa Mganga Mkuu. Huyo alisikiliza, akavua koti lake jeupe, akalivaa tena. Alisema lakiri ya wizara haikatwi na mtu yeyote ila aliyeiweka. Alisema wakiandika kwamba limefungwa sanduku lisilohusika, wizara itauliza ni nani aliyekosea, na jibu la barua huchukua siku kumi na nne. Mtaalamu akauliza kama wanaweza kumtumia Bwana Harusi kwa mgonjwa mmoja tu. Mganga Mkuu akasema Bwana Harusi akipiga picha huwapelekea habari wakubwa zake mwenyewe, bila kuombwa ruhusa, na wakubwa wa Mzee wana njia za kusikia, na hapo hospitali itakosa dawa za wodi nzima. Kisha akasema neno ambalo lilimbakia fundi masikioni: kwamba hospitali ina mashine mbili nzima na haina hata moja.

Mchana, Mama Vifuniko alimkuta Mtaalamu kwenye benchi la nje, akamwomba amweleze hawa wakubwa wanagombea nini hasa. Alitaka kujua, maana yeye alidhani watu hugombea ardhi, au maji, au mwanamume.

Mtaalamu akaokota kifungo kwenye aproni ya fundi. "Ndani ya yale masanduku, mama, kuna kitu kidogo kuliko hiki. Ndicho kinachofikiri. Anayejua kukitengeneza vizuri kuliko wenzake ndiye anayeamua mashine ya nani iwake na ya nani ilale, popote ilipo. Huyu anajua kukitengeneza, yule ana madini yake. Huyu amekataa kuuza, yule amekataa kutoa."

"Yaani mmoja ana vifungo na mwingine ana matundu."

"Kama hivyo."

"Na shati ni la nani?"

Mtaalamu alimrudishia kifungo chake.

Jioni wakati wa kuona wagonjwa, mdogo wake alikuwa amekaa, anajaribu kula uji. Akauliza kwa nini ile safari ya asubuhi iliishia njiani. Mama Vifuniko akamwambia kuna hitilafu kidogo. Mdogo wake akanyoosha kidole kwenye bakuli, akatafuta neno, akalikosa, akapandwa na hasira, akapiga kile cha kukorogea kwenye sinia. "Nimewafundisha watoto mia tano hiki kitu," akasema. "Mia tano, dada." Kisha akamtazama dada yake kwa muda, na Mama Vifuniko akaona wazi kwamba neno dada nalo analishikilia kwa vidole viwili, linataka kuteleza.

Alhamisi asubuhi, kabla dobi hajafika, alikwenda chumba cha masanduku na futi yake shingoni. Hakuwa na mpango. Alipiga magoti mbele ya kile kifuniko cha buluu kama anayekipima upya. Akaishika lakiri kwa ncha za vidole, akaufuata mzunguko wake: pete, kamba, pete, kamba, na kurudi. Akapitisha kiganja ndani chini ya pindo, akagusa chuma cha sanduku. Chuma kilikuwa peke yake, baridi, hakikuguswa na kitu. Afisa hakufunga sanduku. Alifunga nguo.

Kwa juu haikuvulika, maana kamba zilibana pindo, lakini nguo aliijua. Mgongoni kulikuwa na mshono mmoja mrefu, kutoka juu mpaka chini, sentimita mia moja na ishirini na tano. Aliushona mwenyewe.

Alikaa sakafuni kidogo akijiuliza maswali ambayo hayakuwa na mwisho. Kama ataihamisha nguo, karatasi na chumba vitasema jambo moja, na hilo ndilo wizara ililotaka. Basi ni kosa au ni kurekebisha kosa? Na kama alikosea mara ya kwanza akiwa ana uhakika kabisa, ana hakika gani kwamba leo hakosei? Alihesabu tena: dirisha, ukuta, kijani, buluu. Kila alipohesabu, masanduku yalibadilishana mahali kichwani mwake.

Saa mbili alimwendea Mtaalamu akamwambia ukweli wote, kuanzia kwenye pasi. Alimwambia pia anachotaka kufanya saa sita, wakati wakuu wanapokwenda kula.

Mtaalamu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mama, hiyo si ndiyo kuvunja lakiri?"

"Lakiri siigusi. Nafumua mshono wangu mwenyewe."

Saa sita na dakika tano Mtaalamu alikuwa mlangoni pa chumba cha masanduku, ameegemea ukuta mpya, doa la rangi limemshika begani.

Mama Vifuniko alifumua kwa wembe wa kufumulia, tundu moja baada ya jingine, bila kuvuta, akiuokota kila uzi uliokatika na kuutia mfukoni. Mtaalamu alifuata nyaya mara tatu kwa ombi lake, na mara tatu alisema huyu wa ukutani ndiye Mzee. Mgongo ulipofunguka, kifuniko kilivuliwa kama koti la mgonjwa, mbele kikiwa bado kimefungwa, lakiri ikining'inia na namba zake. Mtaalamu akamzima Bwana Harusi, kama barua ilivyoagiza tangu Jumanne, na taa zake za kukonyeza zikafa moja moja. Kijani kikavuliwa kwake kikavishwa Mzee, buluu ikapita juu ya Bwana Harusi. Fundi akapiga magoti, akavaa subana kidoleni, akaushona ule mgongo kwa mkono, sindano ikiingia kwenye matundu yale yale ya zamani. Goti la kulia lilimuuma, akahamishia uzito kwenye la kushoto. Saa saba na robo alikata uzi kwa meno.

Mtaalamu akamwendea Mzee, akabonyeza. Mzee akakohoa. Akanyamaza. Mama Vifuniko akanyamaza naye. Mzee akakohoa tena.

Saa nane kamili mwalimu wa chekechea alikuwa amelala juu ya meza ya Mzee, kichwa kimeingizwa kwenye ile pete kubwa. Picha zenyewe huchukua dakika kumi na mbili, lakini Mzee hupokea polepole. Baada ya hapo alihitaji nusu saa nzima ya kuzitafuna kabla hajatoa karatasi yake nyeusi. Ukimzima katikati, anasahau kila kitu na lazima uanze upya.

Mzee alikuwa ameanza kutafuna, ndipo Metroni akaingia, kofia imekaa upande. Alisema kuna barua nyingine. Afisa yuko getini, anaandikishwa.

"Inasemaje?" akauliza Mtaalamu.

"Zote mbili zifungwe. Leo, mara moja."

"Kwani wameelewana?"

"Hawajaelewana. Sasa wamekasirika sawasawa." Metroni akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. "Wa Bwana Harusi wanasema mwenzake akiendelea kuwaka wakati wa kwao amelala, wataacha kutuma mafuta ya jenereta. Usiniulize mafuta yameingiaje. Nimesoma mara mbili."

Mama Vifuniko alitazama saa ya ukutani, akatazama kioo ambapo mstari mdogo wa kijani ulikuwa umefika robo ya njia. Akatoka akaenda chumba cha masanduku, na kila hatua alikuwa akiukumbuka ule mshono. Laiti angeuacha, leo Mzee angekuwa amefungwa tayari, na sawasawa na barua. Kosa lake la Ijumaa lingekuwa haki ya Alhamisi. Lakini picha isingekuwepo. Hakujua aweke wapi wazo hilo, akaliacha.

Afisa aliingia akihema. Jalada lake lilikuwa limenenepa. Alisema ana hospitali nyingine tatu kabla ya saa kumi. Kwanza akakagua buluu, bila kukumbuka kwamba Jumanne ilikuwa ukutani. Akasoma namba kwenye jalada, akasoma kwenye lakiri, elfu nne mia nne sabini na moja, akatia alama. Kisha akakizunguka kifuniko, na kiganja chake kikapita mgongoni, juu ya mshono ambao uzi wake ulikuwa na umri wa saa moja. Mama Vifuniko alitazama ndoo ya kudekia. Afisa akasema kazi zake huwa nzuri pande zote, hata mgongoni ambapo watu hawaangalii.

Akamgeukia Mzee, akanyoosha mkono nyuma kukitafuta kitufe.

"Subiri, mwanangu," akasema Mama Vifuniko. "Pindo la huyu ni bovu."

Afisa akaacha mkono hewani. Fundi akainama, akashika pindo la kijani, na kweli lilikuwa limeachia kidogo, upana wa vidole viwili, kwa sababu kifuniko kilifuliwa mara nyingi. Akamwonyesha. Akamweleza kwa utulivu kwamba pete ya shaba ikikaa karibu na pindo lililoachia, mtu akipita na ufagio inang'oka, lakiri inadondoka, na namba ni ya nani? Ni ya afisa. Afisa akatazama pindo. Akatazama jalada.

"Inachukua muda gani?"

"Si muda."

Akapiga magoti tena, yale yale magoti. Akatafuta sindano, ikawa nene. Akatafuta nyembamba. Uzi wa kijani aliupitisha kwenye nta, mara moja, mara mbili, kwa kuwa uzi usiopita kwenye nta hujisokota. Akajaribu kuutia tunduni akifinya macho mbele ya dirisha, akakosa, akaomba radhi kwa uzee, akautia. Hakushona ule upana wa vidole viwili tu ulioachia. Alianza kona ya mbali, ili mshono usiwe na kiraka katikati. Huku akishona alimuuliza afisa kama hospitali nyingine zina vifuniko, akajibiwa hazina, huko anafunga kwenye mipini. Akamwambia asubiri kidogo, akafumua hatua tatu za sindano ambazo hazikumpendeza. Afisa akavuta kiti. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, kama yeye mama anaelewa maana ya barua hizi.

"Mimi nashona tu," akasema Mama Vifuniko. "Wewe je?"

Afisa akageuza jalada mikononi. Alisema ya leo aliisoma kwenye gari, na kabla hajafika mwisho alipigiwa simu kwamba huenda kesho kuna nyingine.

Upande wa pili wa kioo cha mlango, Mtaalamu alipita bila kutazama ndani. Alishika bahasha kubwa ya kahawia kifuani kwa mikono miwili. Mama Vifuniko akamalizia hatua mbili, akapiga fundo, akakata. Akamshikia afisa kitambaa kisicheze. Kitufe kikabonyezwa, Mzee akakohoa mara moja tu, lakiri ikalia krrr.

Ijumaa saa moja daktari wa vichwa aliinua picha kuelekea dirishani. Mama Vifuniko alikuwa amesimama nyuma yake, akaona kichwa cha mdogo wake kimekatwa vipande ishirini na nne kama mkate, na katika kimoja kivuli cha ukubwa wa kifungo cha koti. Pembeni mwa karatasi, mahali ambapo mashine huandika jina la kiwanda chake, Metroni alikuwa amebandika plasta nyeupe. Daktari hakuuliza kuna nini chini ya plasta. Alinawa mikono.

Jumatatu mdogo wake alifunguliwa bandeji ya juu. Alitazama sinia kwa muda mrefu, dada yake akijizuia asimsaidie. "Kijiko," akasema. Akakitazama vizuri, kama anayehakiki. "Kijiko hiki ni kichafu, dada." Kisha akauliza ni mashine ipi iliyompiga picha, ya wakubwa gani, awaandikie barua ya shukrani kama alivyokuwa akiwafundisha watoto. Mama Vifuniko akafungua mdomo amjibu. Mashine iliyofungwa au iliyofunguliwa, yenye kijani au iliyokuwa na buluu, kabla ya barua au baada. Akamwambia alale kwanza.

Aliporudi chumbani kwake alimkuta Mtaalamu ameketi kwenye kigoda cha wateja, miwani mkononi. Mapajani alikuwa na karatasi za wagonjwa kumi na mmoja wanaosubiri picha. Hakuzitaja. Alizungumza habari za joto, akalisifu kopo la vifungo. Mwishoni akauliza ule mshono wa mgongo, kama fundi hana haraka, huchukua dakika ngapi kuufumua.

"Kwa nini?"

"Nauliza tu, mama."

Akaondoka, karatasi akaziacha juu ya meza. Mama Vifuniko alizipanga kingo zilingane. Majina mawili aliyafahamu; mmoja alikuwa mume wa dobi. Akafungua daftari, akachonga penseli, akaandika tarehe. Kwenye nafasi ya kazi akaandika: kufumua na kushona, sentimita mia moja na ishirini na tano. Akafika kwenye nafasi ya mwenye nguo, na hapo penseli ikasimama. Alikaa hivyo, mguu juu ya kanyagio la cherehani, akiangalia mstari mtupu, wakati nje mtu wa getini akipita kumwambia Metroni kwamba kuna gari la wizara limeingia.